Huruma Isiufunge Mkono



Katika nyumba zetu, mgonjwa akirudi kutoka hospitali hupokewa kwa heshima ya mgeni na kwa upendo wa mtoto mchanga. Hutandikiwa kitanda, huletewa uji, hukatazwa kushika hata kijiko. Mavyaa huosha vyombo, wifi hufua, watoto huteka maji. Hii ni tabia njema, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye wema huu ukizidi kipimo humdhuru, naye ni mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya ziwa. Mama huyu akikaa wiki nyingi bila kuusogeza mkono wa upande uliopasuliwa, bega lake hukakamaa. Mkono uliotoka salama katika chumba cha upasuaji huja kupotea nyumbani, mbele ya watu wanaompenda.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliwahesabu wagonjwa wapya takriban 6,800 nchini katika mwaka mmoja. Tumezoea kuuliza kama mgonjwa ataishi, na swali hilo lina haki yake. Wiki hii twataka kuuliza swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: akiishi, ataishi na mkono wa namna gani?

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Subukia. Wengi wetu hapa Pwani tuna binti, dada au shangazi aliyeolewa bara, na zipo nyumba za jamaa zetu katika kaunti ya Nakuru. Subukia ni bonde la kijani lililo chini ya miinuko mikali, kwenye barabara itokayo Nakuru kwenda Nyahururu, karibu na mstari wa Ikweta. Kutoka hapo hadi mjini Nakuru ni takriban kilomita arubaini. Watu wake ni wakulima na wafugaji. Riziki ya mama wa Subukia imo katika mikono yake miwili: hushika jembe katika shamba la mahindi, hukama ng'ombe kabla ya jua kuchomoza, hubeba maji na kuni, kisha hurudi kusonga ugali na kubeba mtoto. Kwa mama kama huyu, bega lisiloinuka ni kazi iliyosimama na kipato kilichokatika. Ni aibu pia ya kuomba kila siku avishwe nguo na kusukwa nywele.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Daktari aondoapo saratani ya ziwa, mara nyingi huondoa pia tezi zilizo kwapani, kwa kuwa ndiyo njia ya kwanza ambayo ugonjwa huipitia kwenda kwingine. Baada ya hapo ngozi ya kifua na ya kwapa huvutana, kovu hujengeka, na misuli iliyo karibu hujikaza kwa maumivu. Mishipa midogo ya fahamu ipitayo kwapani huguswa, ndiyo maana kina mama wengi huhisi ganzi upande wa ndani wa mkono wa juu. Baadhi huona kitu kama uzi uliokazwa chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, na kila wanapoinua mkono uzi huo huvuta. Jambo hili hutisha, lakini si saratani iliyorudi. Kwa kawaida hulegea kwa mazoezi ya kunyoosha na kwa msaada wa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Mama anapohisi mvuto na maumivu hayo, huubana mkono ubavuni kama ndege aliyeumia bawa. Nasi tunaomzunguka humwambia, “Pumzika, usijitoneshe.” Kila siku inayopita, bega huzidi kujifunga. Kiungo cha bega kimeumbwa kwa kuzunguka pande zote, na kikikosa kuzungushwa ngozi na mishipa yake hufupika. Maumivu humfanya asiusogeze mkono, na kutousogeza huzidisha maumivu. Mzunguko huo huvunjwa kwa mazoezi yenye mpango, yakianza mapema na kwa upole.

Hofu ya kuusogeza mkono ina historia yake. Mwaka 1894 daktari Mmarekani William Halsted alichapisha habari za upasuaji wake uliokuwa ukiondoa ziwa lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Kwa miongo mingi njia hiyo ndiyo iliyofuatwa katika nchi nyingi. Wanawake wengi walibaki na mikono iliyovimba na mabega yaliyokufa ganzi. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba si kila mgonjwa anahitaji kukatwa kiasi hicho. Siku hizi, ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari mwenye vifaa anaweza kutoa uvimbe peke yake na kupima tezi chache tu za kwapani. Lakini kwetu wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeendelea, na kwa sababu hiyo bado wengi hutolewa ziwa lote na tezi nyingi. Kina mama wa namna hii ndio wanaohitaji zaidi kufundishwa kuutunza mkono.

Nalo wazo kwamba mkono huo usifanye kazi tena maisha yote limepimwa na kukutwa si sahihi. Mwaka 1996, huko Vancouver nchini Kanada, daktari Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya ziwa, akawafundisha kupiga makasia katika mashua ndefu. Wengi walitarajia mikono yao ingevimba. Haikuvimba. Mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu yao waliinua vyuma mara mbili kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mikono yao haikuharibika zaidi, na matukio ya uvimbe kuzidi yalipungua. Kisha mwaka 2021 ukatoka uchunguzi wa Uingereza, wenye wanawake 392 waliokuwa katika hatari ya kupata matatizo ya bega. Waliofundishwa mazoezi na mtaalamu wa tiba ya viungo, wakianza siku ya saba hadi ya kumi baada ya upasuaji, walikuwa na mikono yenye uwezo zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wale waliopewa karatasi ya maelezo peke yake. Mazoezi hayakuwaongezea kuvimba.

Basi mazoezi hayo ni yepi? Tutayataja kwa mpangilio wake, tukisisitiza kwamba mwenye neno la mwisho ni daktari aliyepasua na mtaalamu wa tiba ya viungo anayemwona mgonjwa, hasa kama ameshonewa ziwa jipya au kidonda hakijafunga.

Wiki ya kwanza ni ya kuuamsha mkono bila kuuvuta. Mgonjwa ale, apige mswaki, anawe uso na kuchana nywele kwa mkono uleule, lakini asiupandishe kupita usawa wa bega. Akilala au kuketi, mkono uegemezwe juu ya mto, afumbe ngumi na kuifumbua mara kumi na tano hadi ishirini na tano, kisha akunje kiwiko na kukikunjua. Ainue mabega kuelekea masikioni na kuyashusha, ayazungushe nyuma polepole. Avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu. Haya yafanywe mara tatu au nne kwa siku. Kwa familia ya Kiislamu saa ya ukumbusho ipo tayari: kila baada ya sala, kabla ya kukunja msala.

Mrija wa kutoa maji ukishaondolewa na daktari akaruhusu, huanza hatua ya kuinua. Mgonjwa alale chali juu ya mkeka au kitanda kigumu, magoti yakiwa yamekunjwa. Ashike fimbo au mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili, aupeleke juu ya kichwa kadiri awezavyo, mkono mzima ukiusaidia ule mwingine. Ahesabu hadi tano, aushushe. Arudie mara tano hadi saba. Akiwa bado amelala, aweke viganja nyuma ya shingo, viwiko vikitazama juu, kisha avishushe viwiko pande mbili kuelekea kitandani.

Baadaye asimame akiutazama ukuta, atambaze vidole juu kama buibui apandaye. Pale alipofika patiwe alama ya chaki, na kesho yake ajaribu kupita hapo kwa upana wa ukucha. Alama hizo za chaki zina faida kubwa, maana siku za kukata tamaa mgonjwa hudhani hajasogea hata kidogo, na ukuta humwonyesha vingine. Zoezi la mwisho ni kupeleka mkono nyuma ya mgongo, kama anayetaka kujifunga leso kwa nyuma, na kuupandisha taratibu.

Kuvutwa kidogo wakati wa mazoezi ni kawaida. Maumivu makali, au yanayobaki muda mrefu baada ya zoezi, ni ishara ya kupunguza na kuuliza. Baada ya mwezi mmoja au zaidi, kidonda kikiwa kimepona, mtaalamu huongeza mazoezi ya nguvu kwa uzito mdogo. Chupa ndogo ya maji yatosha kuanzia.

Liko jambo jingine linalofanya mazoezi haya yasingoje. Wagonjwa wengi baada ya upasuaji huhitaji tiba ya mionzi. Ili mashine ipige mahali panapotakiwa, mgonjwa hulazwa mkono ukiwa juu ya kichwa, akatulia hivyo hadi tiba ikamilike, siku baada ya siku. Mwenye bega lililofunga hawezi kulala hivyo, na tiba yake yaweza kucheleweshwa mpaka bega lifunguke. Kwa hiyo mazoezi ya bega ni sehemu ya kuitibu saratani yenyewe.

Sasa turudi kwenye huruma ya nyumbani. Hatusemi mgonjwa aachiwe kazi. Twasema apewe kazi kwa mizani. Pumziko la kutobeba mizigo na pumziko la kutosogea ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni haki yake, la pili ni hasara yake. Kwa mama wa Subukia, ndoo ya maji, mzigo wa kuni, jembe na kupasua magogo vikae mbali naye mpaka mtaalamu aseme. Lakini kuchambua mboga, kupepeta mchele mdogo katika ungo, kukunja nguo, kufuta meza kwa mviringo, hivi arudishiwe mapema. Kuanika nguo nyepesi kwenye kamba ni zoezi kamili la kuinua bega, wakati wake ukifika. Kukama huja baadaye, kwa dakika chache na kwa kupokezana mikono. Jembe huja mwisho, na mwanzo liwe jembe jepesi katika udongo laini. Mavyaa mwenye busara hamnyang'anyi mkaza mwana ungo. Humpa, akaketi kando yake akimtazama. Naye mume, akitaka kumsaidia mkewe, na ashike ndoo ya maji, kisha amhesabie fimbo inapopanda na kushuka.

Katika ibada pia, mkono una nafasi yake. Dini yetu haikumtwika mgonjwa asiloliweza. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Kuinua mikono katika takbira ni sunna, basi mwenye bega linalouma ainue kadiri ya uwezo wake na sala yake ni timamu. Katika sijda asiuegemeze mwili kwa nguvu juu ya mkono huo siku za mwanzo, na kwa mambo ya bendeji katika udhu amuulize sheikh anayemwamini. Tumeona pia kwamba sala yenyewe ni kipimo kizuri cha maendeleo. Mama ambaye wiki ya kwanza mkono wake ulifika kifuani, akiufikisha begani wiki ya nne, ana sababu ya kushukuru. Na kuhusu sitara, mgonjwa anayo haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke. Akikosekana, haja ya tiba ni udhuru unaojulikana, na mumewe au ndugu yake wa kike aweza kuketi naye. Asiikose tiba kwa haya.

Tahadhari nazo tuzitaje. Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwilini yaitwayo limfu hukosa njia pana ya kupita, na mkono waweza kuvimba baada ya miezi au hata miaka. Dalili za mwanzo ni ndogo: pete kubana, mkono wa nguo kukaza, mkono kuhisi mzito. Mgonjwa aonapo hivyo amwone mtaalamu mapema, maana uvimbe wa mwanzo hutulizika kwa urahisi kuliko uliozoea. Ngozi ya mkono huo ilindwe. Avae glavu anapolima au kukata nyasi za ng'ombe, apake mafuta isipasuke, aoshe kila mchubuko kwa sabuni. Sindano na kipimo cha presha, ikiwezekana, vitumie mkono mwingine.

Na hapa kwetu Pwani tuna ya kwetu ya kuonywa. Hijama na chale zisifanywe kwenye mkono huo wala upande huo wa kifua, kwa kuwa kila mkato ni mlango wa vijidudu. Mkono usikandwe kwa nguvu wala kuchomwa kwa maji ya moto. Kovu lililopona laweza kusuguliwa polepole kwa ncha za vidole na mafuta ya kawaida. Hina safi juu ya ngozi nzima haina ubaya, lakini piko huunguza ngozi, na mkono huu si wa kujaribiwa. Bangili zinazobana zivuliwe. Deraa pana huvaliwa kwa wepesi, na mkono mgonjwa utangulie kuingia. Mkono ukiwa mwekundu, wenye moto, umevimba ghafla au unaambatana na homa, hapo pasingojwe kesho. Ni siku hiyohiyo hospitali.

Tatizo kubwa la Subukia ni masafa. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Nakuru, na ndiko kuliko na kituo cha saratani. Nauli ya kwenda na kurudi kila wiki kwa ajili ya bega ni mzigo kwa nyumba iliyokwisha uza ng'ombe kulipia upasuaji. Ndiyo maana twasema mafunzo yapatikane kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka wodini. Anayemsindikiza, awe mume, dada au binti, aulize maswali manne na kuyaandika majibu. Ni tezi ngapi zilizotolewa kwapani? Mkono uruhusiwe kupanda juu ya bega kuanzia siku gani? Nani atatufundisha mazoezi, na aweza kutuonyesha leo? Tukiona uvimbe, tumwone nani aliye karibu na nyumbani? Binti akiomba ruhusa ya kurekodi mafunzo hayo kwa simu, nyumba itakuwa na mwalimu wake kila siku. Tena mwezi mmoja na miezi mitatu baadaye mgonjwa arudi kupimwa, hata kama anajiona mzima. Huko bara na hapa Mombasa vilevile, amtafute mtaalamu aliyesajiliwa. Sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwasajili wataalamu wa tiba ya viungo nchini, na si utovu wa adabu kumuuliza mtu kama amesajiliwa.

Neno letu la mwisho ni kwa wanaomuuguza. Mwili wa mja ni amana, na kila kiungo kina haki yake. Haki ya mkono ni kufanya kazi. Mwenye kumpikia mgonjwa ana thawabu, na mwenye kuketi naye kwa robo saa huku fimbo ikipanda na kushuka ana thawabu pia, ingawa jirani hatamwona wala kumsifu. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hii na igawane kazi hiyo wiki hii: mmoja wa asubuhi, mmoja wa adhuhuri, mmoja wa usiku, na chaki ikae karibu na ukuta.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, wa mwambao na wa bara, awarudishie nguvu za viungo vyao, na awajaalie wauguzi wao subira na busara. Amin.